Bega la Kushoto la Wakili

Shemeji yangu alimwonea wivu mwanaume ambaye hayupo. Mume wa kawaida angemwonea wivu jirani, au mwalimu wa kwaya, mtu mwenye miguu na namba ya simu. Huyu wetu alimchagua wakili wa kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha dada yangu. Dada ni karani wa mahakama, kazi yake kuchapa wanachosema mashahidi, na katika kusikiliza uongo wa watu wazima akapata kisa. Karani anagundua kwamba kielelezo cha kesi ya mauaji kimebadilishwa: kisu kilichofika mbele ya jaji sicho kilichotoka polisi. Mtu pekee anayemwamini ni wakili wa mshtakiwa. Wanatafuta ukweli pamoja, wanatishwa pamoja, na watu wanaotishwa pamoja mnawajua wenyewe, wanapendana. Kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Kilipotoka, duka la vitabu lililo mkabala na karakana yetu ya ushonaji likakipanga dirishani, na mchapishaji akafungua ukurasa wa mtandaoni ambapo wasomaji waliandika maoni yao. Balaa lilianzia kwenye ukurasa huo.

Shemeji ni fundi wa suti na majoho. Nusu ya watu wanaosimama mbele ya majaji wa mji wetu wamesimama kwanza mbele yake, mikono juu, tumbo ndani. Mimi namsaidia: napiga pindo, natia vifungo, napiga pasi. Mikono yake ikiwa kwenye cherehani, simu naishika mimi, kwa hiyo maoni nilimsomea mimi kwa sauti. Mwanzoni alifurahi. Kila mteja aliyeingia aliambiwa kwamba mke wa fundi ni mwandishi, ingawa fundi mwenyewe hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja.

"Mimi nalala na mwandishi mwenyewe," alisema. "Kitabu nikisome cha nini?"

Kisha wasomaji wakaanza kumtaja wakili. "Jamani, huyu wakili," aliandika mmoja. "Ile sura ya mvua nimeirudia hadi mume wangu akauliza mbona nacheka peke yangu." Mwingine alilalamika kwamba hukumu imekuja mbio mno, jaji hakusikiliza hata majumuisho ya mawakili, halafu akamalizia: "Lakini wakili alipomshika karani mkono pale kwenye ngazi, nikamsamehe mwandishi kila kitu." Wa tatu hakuwa na habari ya kesi wala kisu. "Wakili kama huyu anapatikana wapi? Anayejua aniambie nijipange."

Cherehani ikaanza kukimbia kuliko kawaida yake.

"Soma za wakili tu," shemeji akaniagiza. "Hizo nyingine ruka."

Nami nikaruka. Sisemi nilifanya hivyo kwa utiifu. Nilikuwa na wivu wangu pia, wa aina nyingine. Tulipokuwa wadogo msimulizi wa nyumbani alikuwa mimi, dada alikuwa mtu wa kukaa kimya na kusuuza vyombo. Leo picha yake iko dirishani, mimi natia vifungo, na wateja wananiuliza, "Yule ndiye dada yako? Mbona hamfanani?" Iliniuma, na bado inaniuma. Kumwona mtu mwingine wa nyumba ileile anaungua kuliko mimi kulinipa nafuu, na nilimsomea yale matamu kwa sauti yangu nzuri kabisa.

Siku moja akaona ajibu. Akajiita Msomaji Makini, akanitaka niandike: "Huyo wakili hana lolote. Mwanaume wa kweli hafanyi kazi ya maneno." Wasomaji wakamrukia wote kwa pamoja. "Wewe lazima ni mume wa mtu," akaandika mmoja, "na mkeo anakisoma." Shemeji alinuna mchana kutwa, na koti alilokuwa akishona likatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Jioni hiyo, mezani, akatoa shauri lake. Mchapishaji alikuwa ameomba kitabu cha pili, na dada alikwisha kukianza, wakili akiwa yuleyule.

"Muue," shemeji akasema.

"Nani?"

"Huyo wakili wako. Kwenye cha pili. Gari, homa, chochote. Sura ya kwanza tu tumzike, yaishe."

Dada akacheka. Alipoona mwenzake hatanii, akaacha. "Wasomaji wanamtaka, mume wangu."

"Ndiyo shida yenyewe. Kama atakuwa hai, basi hicho cha pili usikiandike. Sitaki kuishi watu watatu humu ndani."

"Wanne," nikasema, maana na mimi naishi humo, lakini hakuna aliyecheka.

Dada akaweka kijiko chini taratibu. Mimi namjua, akifanya vitu taratibu ujue amekasirika. "Kisome kwanza cha kwanza," akasema. "Ukimaliza tutaongea."

Hakukisoma. Siku zikapita namna hiyo, dada akiandika mlango ukiwa umefungwa, shemeji akipitapita koridoni kama mtu aliyepoteza funguo, mpaka yakaja maoni ya bega.

Niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye meza ya pasi, bila kufikiri. "Mimi kilichoniliza," aliandika msomaji, "ni pale karani anapomvua wakili koti lililolowa, akakuta bega la kushoto limeshuka, na ndani ya koti kuna sponji nene upande huo tu, ya kulificha. Wakili anaona haya. Karani anaweka mkono wake palepale, hasemi kitu."

Cherehani ikasimama. Shemeji akaniambia nirudie. Nikarudia, na nikiwa narudia nikaona nilichofanya.

Mjini kwetu wakili mwenye bega hilo ni mmoja. Karakanani tunamwita Mrefu. Ni mteja wetu wa miaka mingi, mpole, hana hata kawaida ya kulalamika koti likichelewa. Utotoni alianguka, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo suti zake zote na majoho yake yote yana sponji mbili kushoto na moja kulia. Akishavaa huwezi kujua.

"Jambo hili," shemeji akasema polepole, "wanalijua watu wawili. Mimi ninayempima, na mwanamke anayemvua."

"Na mimi," nikasema. "Hizo sponji nazishona mimi."

Hakunisikia. Alikwisha kuvua kidole cha chuma cha kushonea na kuvaa viatu.

Ukweli ulikuwa mwepesi, na dada alimwambia waziwazi alipofika nyumbani: habari ya bega ilitoka kinywani mwa shemeji mwenyewe. Shemeji hana mazungumzo mengine mezani. Wanaume wengine huleta habari za mpira, yeye huleta viuno na mabega. Hakimu fulani huvuta tumbo akipimwa. Mwendesha mashtaka ana mguu mmoja mfupi. Mrefu, maskini, leo kaongezewa sponji tena. Hayo huyasema huku anatafuna, hata hajisikii. Kesho yake anawaapia wateja kwamba mwili wa mteja ni siri ya fundi, na anaapa kwa moyo mweupe kabisa.

"Mimi?" alifoka. "Mimi nitoe siri ya mteja? Tafuta uongo mwingine."

"Nilikuwa nakusikiliza," dada akasema. "Miaka yote hii ulipokuwa unaongea, mimi nilikuwa nakusikiliza."

"Ulikuwa unamvua mtu koti."

Dada alichukua mto wake akahamia chumbani kwangu, na mimi niliyekuwa nikifurahia moshi nikaanza kuona moto wenyewe. Alipokaa kitandani kwangu na kompyuta mapajani, nilimwona anaandika mistari, anaisoma, anaifuta yote. "Kila nikimwandika wakili namsikia yeye koridoni," aliniambia. "Labda niache tu." Dada yangu hajawahi kuacha kitu. Wivu wangu wote wa dirishani ukaniaibisha mbele yake.

Jumamosi asubuhi mchapishaji akaitisha mkutano wa wasomaji kwenye lile duka la vitabu. Viti vya plastiki vilipangwa katikati ya rafu. Mchapishaji ni mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, asiyezunguka mbuyu. Alimwambia dada pembeni, nami nikasikia: "Nimesikia nyumbani hakukaliki. Siwezi kutangaza kitabu cha pili halafu mwandishi akiachie njiani. Leo, wasomaji wakiondoka, nataka jibu moja. Unaandika au huandiki?" Dada akasema atajibu. Uso wake ulisema hajui.

Shemeji alikataa kuja. Alibaki mlangoni pa karakana, ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia shingoni, macho dukani. Mrefu alikuja. Mawakili wa mji mzima walikuwa wanakisoma kitabu kile wakitafuta makosa ya sheria, naye alikaa kiti cha nyuma, koti limemkaa sawasawa, kazi ya mikono yetu.

Mkutano ulianza vizuri. Mwalimu mmoja alirudia ile hoja ya hukumu ya haraka. Hakimu mstaafu akamkatiza. "Mimi nimewahi kutoa hukumu haraka kuliko hiyo, na sababu ilikuwa njaa." Watu wakavunjika mbavu. Kisha akasimama nesi, mwanamke wa kusema anachokiona.

"Kitabu nimekipenda," akasema, "ila mume wa karani umemtia chumvi, dada yangu. Mwanaume mzima ananusa mtandio wa mkewe kila akirudi kazini! Anakwenda kumvaa mtu hadharani kwa jambo alilolitunga kichwani! Mwanaume wa hivyo hayupo. Niliandika hivyo hata kwenye ukurasa wenu."

Ni kweli aliandika, nami niliyaona. Karakanani sikuyasoma, kwa sababu niliambiwa za wakili tu. Dada aliinama akayanakili maneno ya nesi, hakujitetea.

Akafuata Mrefu. Aliinuka kuuliza swali, jambo dogo tu kuhusu nani hutunza vielelezo usiku, na dada akamtabasamia kama anavyomtabasamia kila mtu anayeuliza swali la maana. Kupitia kioo cha dirisha nikamwona shemeji anavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Gari likapiga honi. Hakugeuka.

Aliingia na chaki vidoleni. Duka zima lilimjua, maana nani hakuwahi kuambiwa na fundi kwamba mkewe ni mwandishi?

"Usikae," akamwambia Mrefu. "Simama hivyohivyo." Akamwendea moja kwa moja, akamshika mabega yote mawili kama anavyomshika akimjaribisha suti, akavuta koti kwa nyuma, likashuka mpaka viwikoni. Shati lilikuwa jepesi, na bega likaonekana, limeinama kwa ndani. "Tazameni! Hili hapa bega la kitabuni. Mnalipenda, mmelililia. Sasa mwulizeni mwandishi wenu amelijuaje!"

Mrefu alivuta koti lake juu, mkono ukakosa tundu mara ya kwanza, akajaribu tena. Alipokwisha kufunga vifungo alimgeukia shemeji, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Fundi, nilipofika kwenye ukurasa ule wa kitabu nilifurahi. Niliona kuna mtu ameliandika bega langu kwa heshima, na hakuna aliyenijua. Kitabu hakikunitaja. Umenitaja wewe." Akasema samahani kwa watu aliowapita, akatoka.

Shemeji alibaki amesimama, mikono yake bado hewani, upana wa mabega ya Mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kukumbuka ni nani aliyekuwa akisimulia nini mezani. Alimtazama dada. Dada alikuwa anatazama daftari lake.

Nesi akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mama mchapishaji, naomba kufuta maoni yangu."

"Yapi?"

"Yale ya mume."

Shemeji akageuka. "Mume gani?"

Mle dukani kila mtu alikuwa amekisoma kitabu isipokuwa yeye. Hakimu mstaafu akakohoa. Mwalimu akajitia kutafuta kalamu mkobani. Shemeji akanigeukia mimi, msomaji wake. "Shemeji, kuna mume humo?" Nikatazama sakafu.

"Nisamehe, mwandishi," nesi akamwambia dada. "Nilidhani umemtia chumvi."

"Sikumtia chumvi," dada akasema. "Nilimpunguza, watu wasimjue." Akafunga daftari, akamgeukia mchapishaji. "Mama, uliniuliza. Cha pili naandika. Wakili yu hai, na safari hii mume simpunguzi."