Kibao cha Bi Tabia

Ilibaki siku moja tu uchochoro wetu wa Mji Mkongwe upokonywe jina lake.

Qais, kijana aliyekuja kuandikisha majina ya vichochoro ili yatiwe kwenye vibao, alikaa barazani kwa Akbarali mwenye duka, akanywa kahawa na wanaume, akawauliza wao. Wakamwambia hapa ni Uchochoro wa Akbarali. Hakubisha hodi mlango hata mmoja. Sisi wanawake tunauita wa Bi Tabia, kama alivyouita bibi yangu, aliyekuwa akiteka maji kisimani kwa Bi Tabia kabla hakijafunikwa kwa saruji.

Tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu, mengi nimeyatazama dirishani nikanyamaza. Hili halikunyamazika. Nikavaa buibui, nikateremka.

Qais akaniamkia kwa adabu, akasema orodha inachapwa kesho na bila ya ushahidi hawezi kubadilisha. Akbarali akacheka, akasema Bi Ibtisam ana wivu, basi atakipa jina langu kidaraja cha kupandia dukani kwake. Sleiman, mkubwa wao pale na msoma dua wetu, akasema kazaliwa hapa, ana miaka sabini na mitano, na huyo Tabia hajapata kumsikia.

"Bwana Sleiman," nikasema, "hebu tuombee marehemu wetu, kama unavyowaombea kwenye khitma ya Shaabani."

Alinitazama kwa shaka. Lakini nani atakataa kuwaombea maiti? Akainua mikono, na sote tukainua. Majina yale hayakuandikwa popote. Kayarithi kwa baba yake, kayahifadhi, na huyasoma mbio kama mtu anayewahi sala. Akawapita maimamu, akawapita masharifu, akafika: "...na Tabia binti Kificho, aliyetuwekea wakfu kisima cha uchochoro huu..."

Akakatika, mikono ingali juu.

"Amin," nikasema. "Miaka hamsini nakuitikia nyuma ya pazia."

Aliyecheka ni Akbarali peke yake, na safari hii alijicheka mwenyewe. "Andika, mwanangu," akamwambia Qais. "Mimi nauza sabuni tu. Maji katoa yeye."

Kibao kilipigiliwa Alhamisi baada ya alasiri, na aliyeshika ngazi ni Sleiman. Nikafungua dirisha lote, nikamsomea Bi Tabia Fatiha. Kisha, na ujane wangu na umri wangu huu, nikapiga kigelegele, kikaitikiwa mlango hata mlango mpaka mwisho wa uchochoro.