Mawe ya Mzee Alute

Mizani ya watoto ya zahanati yetu ilikatika springi, na siku hiyo ndiyo mtoto wa dada yangu Emiliana alitakiwa kupimwa. Nathan alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa anafungwa kifuani kwa mama yake mchana na usiku apate joto, na wiki iliyopita alikuwa na kilo mbili kamili.

Nesi Scholastika alimtazama sana. "Ananyonya, lakini macho yangu si mizani," alisema. "Kama ameongezeka hata gramu mia, rudini naye nyumbani. Kama hajaongezeka, leo hii aende hospitali Singida. Tafuteni pa kumpimia mniletee jibu."

Emiliana alikuwa bado anatembea kwa shida tangu ajifungue, hana nguvu za kubembeleza watu, hivyo kuomba kukawa kazi yangu. Kusema mbele ya watu kunanitoa jasho.

Tulianzia kwa Gerald, anayepima magunia ya alizeti kwa mizani ya kuning'iniza. Nathan alikuwa analia.

"Mama Nathan, mbona gunia lako halijashonwa mdomo?" Gerald akasema, na vijana wa kubeba mizigo wakacheka.

Tulimweka mtoto kwenye khanga, tukaitundika kwenye ndoano. Mshale ulisogea kidogo sana. Gerald akainama kuangalia, akaacha utani.

"Hapa mstari mmoja ni kilo nzima," alisema. "Amepita mbili au hajapita, siwezi kukudanganya. Hii imezoea magunia. Huyu haimsikii."

Ikabaki mizani ya dukani kwa mzee Alute, ile ya sahani mbili: huku sukari, huku mawe ya chuma. Tulimkuta anamfungia mama Marietha sukari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Tunaomba utupimie mtoto."

Aliacha kufunga. "Hii ni ya sukari. Nendeni zahanati."

"Ya zahanati imeharibika."

"Basi kwa Gerald."

"Haimsikii, babu."

"Mtu hapimwi dukani," alisema, akageukia rafu kama vile ana kitu cha kupanga.

Mama Marietha akadakia, "We Alute, unaogopa atailamba sukari yako? Mpime mtoto!"

Nilitaka kuondoka. Lakini nilimwona Emiliana ameshika ukingo wa kaunta, nikasema, "Babu, nesi anataka jibu leo. Jibu likiwa baya tunakwenda Singida."

Aliipangusa sahani kwa kitambaa. Emiliana alikuwa na doti nzima ya khanga, vipande viwili sawasawa. Kimoja tulikitandika chini ya mtoto, cha pili tukakiweka upande wa mawe ili uzito wa nguo usihesabike. Mzee Alute akaweka jiwe la kilo mbili. Upande wa Nathan ukawa bado chini. Akaongeza la gramu mia, sahani zikalingana.

"Kilo mbili na mia!" mama Marietha akapiga kigelegele. Emiliana alikaa juu ya kreti la soda, analia huku anacheka.

Tulimfunga mtoto tukatoka. Tulikuwa tumeshafika barabarani mzee Alute alipoita.

"Binti! Rudini."

Alikuwa ameligeuza lile jiwe la kilo mbili. Chini lilikuwa na shimo linaloingia kidole.

"Limetobolewa," alisema.

"Na nani?" akauliza mama Marietha.

"Na mimi."

Aliinama chini ya kaunta akatoa mawe mengine yaliyofungwa kwenye kitambaa, yale anayoyatoa wakija watu wa vipimo. Tulimrudisha Nathan kwenye sahani. Safari hii jiwe la kilo mbili lilitosha peke yake. Mzee Alute alilijaribu lile la gramu mia, upande wa mawe ukashuka hadi ukagonga kaunta. Akaliondoa.

"Kilo mbili," alisema. "Hajaongezeka."

Mama Marietha aliinua kifuko chake cha sukari, akakipima kwa mkono. "Kwa hiyo hii yangu, Alute?"

"Nitakupimia upya. Waache hawa wawahi basi la Singida."

Nesi Scholastika aliposikia alituandikia barua ya rufaa papo hapo, na jioni tulikuwa Singida. Muuguzi wa kule alimweka Nathan kwenye mizani ya umeme. Namba zikacheza kidogo, kisha zikatulia kwenye kilo mbili.

"Mmemleta wakati mzuri," alisema. "Anachoka kunyonya kabla hajashiba, ndiyo maana haongezeki."

Walimwonyesha Emiliana jinsi ya kukamua maziwa, wakawa wanampa mtoto kwa mpira mwembamba unaopitia puani. Siku ya tatu nilikuwa nafua khanga nje ya wodi Emiliana alipokuja mlangoni, hakuwa anatembea polepole tena, akaniambia Nathan ameongezeka gramu hamsini. Nilimuuliza kama ameziona namba mwenyewe.

"Nimeziona," alisema. "Nimewaambia wampime mara mbili."