Mbwa Asiyedondosha Manyoya

"Nani kakupa ruhusa ya kumgusa mbwa wangu?"

"Mbwa yupi, baba? Huyu? Mimi nilidhani zulia lenu limetoroka."

Kicheko kililipuka nyuma ya Mama Mapazia. Kibaraza chake hakikosi watu: aliyekuja kupima pazia, aliyekuja kulalamikia pazia, na wengine wengi ambao kwao hata dirisha la maana hawana, ila maneno ya pale ni matamu. Wote walikuwa wamejisogeza mlangoni, shingo zimerefuka.

Chini ya ngazi alisimama Bwana Bima, jirani wa ukuta mmoja. Shati la kazini lilikuwa limemganda mgongoni, na uso umemvimba kama mto uliojazwa sufi kupita kiasi.

"Mmeninyolea mbwa!" alifoka. "Alasiri hii mwenyewe aliyeniuzia anakuja kumchukua. Atampokeaje akiwa hivi?"

Mama Mapazia alimtazama mbwa aliyempakata, kafungwa kipande cha pazia la maua. Kilichobaki na manyoya kilikuwa kichwa peke yake. Chini ya hapo alikuwa kiumbe mwembamba wa rangi ya uji, mgongo mzima una ngazi ngazi kama kilima kilicholimwa na mlevi.

"Mkimwangalia vizuri," mteja mmoja alinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani, "anafanana na Bwana Bima alivyokuwa siku anahamia hapa. Kichwa kikubwa, mwili hamna."

Mbwa huyo alikuwa ameingia mtaani kwa mbwembwe ambazo hata bibi harusi angezionea haya. Bwana Bima hakutafuta mbwa kama watu wanavyotafuta mbwa. Alifanya utafiti. Kwa miezi alikuwa akiwasimamisha watu getini kwake kuwaeleza: huyu si mbwa hivi hivi, huyu ni chotara. Mama ni pudeli, wale mbwa wenye nywele za kipilipili na akili za kutisha. Baba ni wa jamii nyingine, mpole, mpenda watoto. Hanuki, habweki ovyo, na kubwa kuliko yote, hadondoshi manyoya.

"Kwa sifa hizo," Mama Mapazia aliwaambia wateja wake huku akikanyaga cherehani, "huyo si wa kufugwa. Huyo ni wa kuozeshwa."

Manyoya yalipigiwa debe namna hiyo kwa sababu ya Bi Mkubwa, mama mzazi wa Bwana Bima, aliyehamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume. Bi Mkubwa alikuwa akipiga chafya nyumba nzima ikitetemeka. Mtaa wote ulijua kuwa chafya zile zilitokana na marashi ambayo mkwewe alipulizia sebuleni asubuhi na jioni. Bi Mkubwa naye alijua, ila mama wa watu hakutaka kumkosoa mke wa mtoto wake, akaziacha zisingiziwe vumbi, pamba, na wanyama.

Na hata baada ya utafiti wote huo, alipofika kwa muuzaji Bwana Bima alichagua kwa macho ya dukani. Kulikuwa na mtoto mmoja mweusi aliyemjia mwenyewe, akamlamba mkono, akamlalia kiatuni. Akamruka. Mweusi haendani na makochi. Akamchukua mwingine aliyejificha nyuma ya beseni, kwa kuwa rangi yake na ya makochi ilikuwa moja. Wakamwita Hariri.

"Yaani kamchagua kama mimi ninavyochagulia watu kitambaa," Mama Mapazia alisema. "Tofauti ni kwamba kitambaa changu hakikojoi."

Hariri akawa mbwa wa familia, maana yake akawa wa wote, na kwa hiyo hakuwa wa mtu. Binti wa nyumba alimpenda mpaka shule zilipofunguliwa. Mama wa nyumba alimnunulia sabuni yenye harufu ya maua. Baba mwenyewe kazi yake ilikuwa kumpiga picha. Muuzaji aliwaambia wamchane kila siku, fungu kwa fungu, mpaka ngozi ionekane. Bwana Bima akacheka: kumchana wa nini, na manyoya yenyewe hayadondoki?

Hapo ndipo akili za utafiti zilipoishia. Unyoya usiodondoka hauendi popote. Unabaki palepale, unajisokota na wenzake. Walimpitishia brashi juu juu, walipomwona aking'aa wakaridhika, na kila Jumamosi wakamtumbukiza kwenye maji bila kumfumua wala kumkausha vizuri. Juu alikuwa mbwa wa tangazo. Chini alikuwa godoro lililokandamizwa na wageni wazito.

Mchana kutwa alifungiwa jikoni, akilia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Aliyekaa naye ni Bi Mkubwa. Mzee huyo alivuta kigoda, wakasikiliza redio pamoja, na ajabu ni kwamba jikoni, mbali na marashi, hakupiga chafya hata moja. Mara nyingine alimbeba wakaja kwa Mama Mapazia, hadi mwanawe alipopiga marufuku: nyumba ile imejaa sindano na maneno, na vyote vinachoma.

Kisha Hariri akaanza kuchechemea. Mguu wa mbele akaukunja, ukiugusa analia. Bwana Bima hakuinama kuangalia. Alipiga simu.

"Nimeuziwa kilema," alimwambia muuzaji. "Njoo umchukue, unipe mwingine."

Bi Mkubwa aliyasikia hayo akiwa mezani, kikombe mkononi. Alisubiri asubuhi gari la mwanawe liondoke, akamweka mbwa kwenye beseni la kufulia, akamfunika khanga, akavuka kwa jirani.

"Mwanangu, wewe una mkasi."

"Mama, mkasi huu haujawahi kukata hata karatasi. Huu ni wa kitambaa tu. Nimegombana na mume wangu kwa kuukatia kucha."

"Basi leo utakata mbwa. Wakimwondoa huyu, mimi pale jikoni nitakaa naongea na friji."

Mama Mapazia alitaka kucheka, akakuta kicheko hakiji. Alimtuma mteja mmoja kwa kinyozi wa kona akaazime mashine. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, akasema wateja wake wakisikia ile mashine imepita mgongoni mwa mbwa watahamia kwingine wote. Ikabidi mkasi.

Walimlaza kwenye meza ya kukatia, Bi Mkubwa ameshika kichwa na kumbembeleza. Mama Mapazia aliingiza kidole kati ya manyoya na ngozi, kidole kikakataa kupita. Lilikuwa tabaka moja, nene, kama sufi ya godoro kuukuu. Alikata taratibu, ncha ya mkasi ikitazama juu, jasho likimtoka. Yale manyoya yakavulika kwa pamoja kama koti. Ungeweza kuyatundika kwenye henga. Mbwa alitetemeka, halafu akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu vinavyobana.

Alipofika kwenye kwapa la mguu mbovu, mkasi uligota. Kimpira. Kilimzunguka kutoka shingoni, kikapita chini ya mguu, kimeila ngozi ikawa nyekundu na unyevu. Na kwenye kimpira kilining'inia kipande kidogo cha kitambaa chekundu chenye mshono wa kurudia.

Mshono wake mwenyewe.

Aliujua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Bwana Bima alikuja siku moja, kanyoosha shingo, akataka ashonewe tai ya mbwa: ofisini kwao, kwenye bima, wanapiga picha za kalenda, kichwa cha habari ni familia salama. Mama Mapazia alicheka mchana kutwa. Alichukua mabaki ya pazia, akatia mpira wa kukadiria tu kwa jicho. Yeye, anayepima dirisha mara mbili, shingo ya mbwa hakuipima hata mara moja, kwa sababu ni ya mbwa, tena mbwa wa yule. Picha ikapigwa, tai ikasahauliwa. Mbwa akaitafuna, mpira ukabaki, akapitisha mguu ndani yake, na manyoya yasiyodondoka yakafunika kila kitu.

"Umeona nini?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Kifundo tu, Mama." Akakikata, akakitia mfuko wa aproni, wakamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo sasa, wakati Bwana Bima anafoka pale ngazini, Mama Mapazia alikuwa na silaha mfukoni. Na ilikuwa silaha ya namna gani! Kama mshono ule ungekuwa wa fundi mwingine, angeushika juu kama bendera, na mtaa ungekula na kushiba mpaka mwisho wa mwaka. Ulimi ulikuwa unamwasha. Lakini mpira ule ulikuwa na ncha mbili, na moja ilikuwa imemshika yeye.

"Kilema na kipara!" Bwana Bima aliendelea. "Nani atamtaka?"

"Kilema gani?"

Mama Mapazia aliinama, akafungua kile kipande cha pazia, akamweka mbwa chini. Hariri alisimama. Alijitikisa, akashangaa hakuna kinachotikisika. Akashuka ngazi kwa miguu yote minne, akichechemea kidogo tu kwenye ngazi ya mwisho, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Bima, akamnusa kiatu na kukilalia.

Bwana Bima alitazama mguu, akatazama jirani.

"Alikuwa na nini?"

Shingo zikarefuka zaidi. Mkono wa Mama Mapazia ukaingia mfukoni, ukabaki humo.

Bi Mkubwa alitokea ndani, khanga imejaa manyoya. Alikuwa ameyaona macho ya jirani yake kule mezani, na alikuwa amelea watoto wa kutosha kujua mkono unaoficha kitu. Aliutoa ule mkono mfukoni, akaufungua. Alikitazama kimpira, na kile kitambaa chekundu, akatazama mapazia ya kitambaa kilekile yaliyoning'inia dirishani. Akashuka ngazi, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe, akasema kwa sauti ya chini kabisa, watu kibarazani wakaumia masikio kwa kujitahidi:

"Tai ya kalenda. Huyu kashona bila kupima, wewe umevisha hujavua. Mimi mwenyewe nimempakata kila siku, sikutia hata kidole. Sasa mrudishe, kama una uso wa kumrudisha. Na mimi unirudishe nilikotoka, maana nami siendani na makochi."

Uvimbe wa uso wa Bwana Bima ulishuka kama mto uliotobolewa. Alikifunga kile kiganja. Akatoa simu, akageukia ukuta.

"Usije," alisema. "Hapana, hana kilema. Hapana, sitaki mwingine." Akasikiliza. "Ndiyo... kuchana. Mpaka kwenye ngozi. Najua. Uliniambia."

"Kasema nini?" mteja wa nyuma aliuliza. "Mama Mapazia, mbwa alikuwa na nini?"

"Alikuwa na joto," Mama Mapazia alijibu, na hakuna jibu lililowahi kumchubua koo namna ile. "Nyie hamna madirisha ya kwenda kufunga?"

Hawakuwa nayo, na hakuna aliyeondoka. Kutoka ndani ilikuja harufu ya wali uliokolea nazi, na ya mboga, na mtu alikuwa ameshaanza kupanga sahani kwenye ile meza ya kukatia, iliyosuguliwa kwa sabuni mpaka ikapauka. Bwana Bima alibaki chini ya ngazi, mbwa kiatuni, hajui kama aondoke au ashukuru, na vyote viwili hakuwa amewahi kuvifanyia mazoezi.

Mama Mapazia alimwacha ateseke kidogo. Hilo hakuweza kujinyima.

"Haya, jirani, pandeni mje kula, wewe na huyo kipara wako," alisema hatimaye, akimpisha mlangoni. "Ila uangalie unapokanyaga. Yale manyoya yasiyodondoka yamejaa sakafu nzima."