Maji ya Bwawa la Juu

Siku aliyofariki Roland Garrod, mkewe Avril alikuwa jikoni akimenya tufaha, huku akimnung'unikia kwa kuiacha chai ikapoa. Roland alikuwa ameenda kutoa majani yaliyoziba wavu wa bwawa la juu, kazi ya mara moja tu. Aliyerudi nyumbani ni mdogo wake, Neville, kofia mkononi, na Neville hakuwa mtu wa kuvua kofia hata kanisani.

"Amekaa pale kwenye tuta, shemeji," alisema. "Amekaa tu."

Roland alikuwa akisema siku zote kwamba atazikwa kisiwani, katikati ya handaki la maji lililokizunguka, pale ilipokuwa nyumba ya mabwana wa zamani na sasa kumebaki vijilima vya nyasi. "Wao walilala humo," alikuwa akitania, "mimi nina kosa gani?" Lakini mahali pote palikuwa chini ya hifadhi ya mambo ya kale, kisiwa, handaki na yale mabwawa ya samaki. Hata nguzo ya ua huwezi kuisimika bila kibali, sembuse kaburi. Basi mwili ulichomwa, na Avril akayamwaga majivu yake kwenye bwawa la juu. Imogen, binti mpole wa ofisi ya makumbusho, alimwambia kwa simu kwamba pasipoingia jembe hakuna tatizo.

Tangu hapo, kila siku baada ya chai Avril alishuka bwawani na maganda ya mkate. Alimpa Roland habari: nani kauza ng'ombe, mchungaji mpya anavyokohoa katikati ya sala, mbwa wa Neville alivyoiba soseji. Samaki walipanda juu waliposikia sauti yake. Hakuwa na kaburi la kwenda, alikuwa na maji yale, na yalimtosha.

Mwezi wa Machi aliona maji yameshuka na kuacha mstari wa matope pembeni. Neville alizunguka nyuma ya tuta, akarudi amekunja uso.

"Nyegere," alisema. "Wamechimba makao humo humo kwenye tuta. Maji yanapita kwao kama mgeni aliyekaribishwa."

Dawa yake ilijulikana. Kila masika Roland alileta udongo mfinyanzi kutoka shamba la chini, akaumwaga palipolegea, kisha yeye na Avril waliukanyaga kwa viatu vya mpira, bega kwa bega, wakienda upande upande kama wacheza ngoma walevi, mpaka ukashikana kama unga uliokandwa. Hawakuwahi kuomba kibali. Baba yake Roland hakuomba, wala babu yake.

Mwaka huu Avril aliomba. Alipiga simu ofisini mwenyewe, akaeleza kila kitu, na mambo ya kukanyaga pia.

"Umepiga simu?" Neville alishika kichwa. "Shemeji! Tangu lini mtu wa huku akaombea ruhusa kitu anachokifanya kila mwaka?"

"Yumo mle, Neville. Sikutaka kumfanyia kwa kujificha."

"Kaka alilikanyaga tuta lile kwa kujificha maisha yake yote, na alikuwa mtu mwenye raha kuliko wewe na mimi."

"Wewe hata choo chako ulijenga kwa kujificha."

"Na kinafanya kazi!"

Nusura Avril acheke. Ilikuwa mara ya mwisho mwaka ule.

Imogen alikuja mwenyewe, akatembea juu ya tuta taratibu, akasikiliza. Nyegere wana watoto, alisema. Sheria inakataza kuwasumbua. Na tuta lenyewe haliongezwi udongo mpaka wataalamu walichunguze, pengine mwaka ujao.

"Nyegere wanalindwa," Avril alisema. "Tuta linalindwa. Na maji je?"

Imogen alitazama viatu vyake. "Kinacholindwa ni umbo la ardhi, Bi. Garrod. Matuta, handaki, mashimo ya mabwawa. Maji hayamo."

"Kwa hiyo likikauka, bado ni bwawa?"

"Kisheria, ndiyo."

"Mume wangu yumo."

"Najua, mama. Ningejua la kufanya, ningelifanya." Machozi yalimjaa, na Avril akajikuta ndiye anayemshika mkono yule binti.

Alipoona maji yamebaki kina cha goti, Avril alijaza udongo kwenye toroli akaanza kukanyaga peke yake. Mguu uliteleza, maana hakukuwa na bega la kuegemea. Neville alimtazama kwa muda, kisha akashuka.

"Sogea huko. Tukishtakiwa, tushtakiwe wawili."

Walikanyaga mchana kutwa. Neville alikwenda haraka mno, akakanyaga vidole vya Avril, akatukana, akaomba radhi, akatukana tena. Udongo ulishika. Asubuhi yake nyegere walikuwa wamefungua mlango mwingine chini zaidi, na maji yakatoka kwa kasi kuliko mwanzo.

Korongo walikuja kula samaki waliokwama kwenye matope. Neville aliwabeba samaki waliosalia kwa ndoo hadi kwenye handaki, akawamwaga humo. Avril alisimama kando ya ndoo ya mwisho, akatazama maji yaliyobaki yakifuata mfereji wa barabarani, kupita chini ya lami, kuelekea mtoni. Alijaribu kutembea nayo. Alifika pale mfereji unapoingia kwenye bomba, akarudi.

Hakushuka tena baada ya chai. Angemwambia nani?

Wataalamu walikuja mwaka uliofuata. Waliandika kwamba umbo la bwawa liko salama. Sasa pamejaa upupu, na ofisi hutuma mtu kuukata, kwa sababu mizizi huharibu tuta.