Moja Hajafika

Usiku wa jana niliota ndoto ambayo sikuiomba, na ninaiandika upesi asubuhi hii kabla mawifi hawajafika kunieleza jinsi jubilei yangu itakavyokwenda.

Jubilei ni leo, saa tisa alasiri. Mimi na Baba Jovita tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na kwenye ratiba ya kamati, baada ya sala na kabla ya chakula, kumeandikwa: "Wanajubilei kufungua dansi (rumba)." Wazo hilo nililitoa mimi. Mawazo mengi ya nyumba hii huyatoa mimi, kwa sababu nikimsubiri Baba Jovita awaze, tutafika jubilei ya dhahabu hatujaamua hata rangi ya vitambaa vya meza.

Tulijiandikisha kwa Daktari Mhina, daktari wa ng'ombe mstaafu hapa Morogoro. Enzi za ujana wake alipelekwa Kuba kusomea mifugo, akarudi na shahada pamoja na rumba. Siku ya kwanza darasa zima tulimcheka. Watu wazima kumi na wanne, wote tumekulia kwenye rumba, tumeicheza ubatizo, kipaimara na mahafali, tena sahani ikiwa mkononi, halafu leo tufundishwe! Daktari akaweka muziki, akatutazama tulivyojimwaga, akauzima. Akasema hiyo ni rumba ya kwenu, nayo ni nzuri, lakini mmelipia ya kule. Ya kule ina hesabu nne, na kwenye moja hakuna anayekanyaga. Moja inasubiriwa. Mguu unaanza kwenye mbili.

Hapo alinipata pabaya. Mimi ni karani wa masjala mwaka wa ishirini na mbili huu, na kusubiri ni kitu ninachowapa wengine.

Kwa miezi mitatu nilianza kwenye moja, na Baba Jovita, ambaye kwa kanuni ndiye aliyetakiwa kuongoza, akawa anaburutwa. "Tulia, mama, tulia," Daktari alinibembeleza, kwa sauti ileile aliyotumia kwa ng'ombe wanaoogopa sindano. Akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia foleni nayo sijawahi kuiona baraka yake.

Alhamisi Baba Jovita aliniachia mkono katikati ya wimbo. Akasema taratibu, "Mama Jovita, Jumamosi cheza na Daktari. Mimi nitakaa na mikoba."

Kila sherehe yeye hukaa na mikoba. Wanawake tukiinuka kwenda kucheza, tunamrundikia mikoba yetu mezani, naye anailinda kwa uaminifu mpaka turudi na jasho. Nikamjibu, "Sawa, kama umeshindwa." Tulipofika nyumbani nikaenda bafuni, nikafungua bomba nikalia. Aliyewahi kuolewa analijua bomba hilo. Sikulilia rumba. Nililia kwa sababu miaka ishirini na mitano ni mingi, na nilitaka watu watuone tumeshikana.

Basi, naota nipo masjala, lakini nipo nje ya dirisha. Haijawahi kutokea. Ndani, kwenye kiti changu, amekaa kiatu changu cha dansi cha kushoto, amevaa miwani yangu.

"Shikamoo," namwamkia. Kiatu ni changu, lakini ukiwa dirishani hujui mtu ana cheo gani.

"Marahaba. Kuna barua yako." Anaisoma bila kunitazama, kama ninavyofanya mimi. "Yah: Malalamiko ya kukanyagishwa kabla ya wakati. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mlalamikaji amekanyagishwa kwenye moja mara elfu mbili mia sita na nne, ushahidi ni kisigino."

"Nataka kumwona huyo Moja, tuyamalize."

"Moja hajafika."

"Atafika saa ngapi?"

"Njoo kesho."

"Kesho haiwezekani. Shughuli ni leo saa tisa."

"Basi kaa benchi," anasema kiatu, na kugonga muhuri mahali ambapo hapakuwa na karatasi.

Kwenye benchi wamekaa wazee watatu waliovaa suti za Kaunda zinazofanana. Ni Mbili, Tatu na Nne. Tatu anamenya chungwa. Nawauliza huyo Moja kazi yake ni nini hasa.

"Hana kazi," anasema Mbili.

"Sasa anafika ofisini kufanya nini?"

"Anasubiriwa."

"Na cheo chake?"

"Mkurugenzi," wanajibu wote watatu, na Tatu ananigawia pande la chungwa.

Mimi si mtu wa kukaa benchi. Ofisi yoyote ina mlango wa nyuma, na wangu nimewapitishia watu wengi sana kwa miaka yote hiyo, wakiwemo mapadri wawili. Nainuka, naupitia.

Mlango unatokea kwenye josho. Wanadansi wamepanga foleni, mabibi kwa mabwana, magauni ya shanga na suti za mikia mirefu, na kila jozi inatumbukizwa kwenye dawa ya kupe kabla ya kuruhusiwa kushindana. Daktari Mhina amevaa buti za mpira. Baba Jovita yupo mbele ya wote, na sikioni ametobolewa hereni ya plastiki ya njano yenye namba 25. Imempendeza, sitasema uongo.

"Nani anaongoza hapa?" anauliza Daktari.

"Mimi," nasema. "Yaani, yeye."

"Kanuni ni kwamba mwanamume anaongoza," anasema Daktari, na mara kanuni inatekelezwa. Inaletwa meza yenye kitambaa cha bluu. Inaletwa chupa ya maji, mtu wa kuishika chupa, na mtu wa kumwangalia anayeshika chupa. Vijana wa skauti wanampigia saluti mume wangu, ambaye siku za kawaida hata paka wetu hampishi kiti. Anaombwa alihutubie josho juu ya mwelekeo wa hatua ya kwanza.

Baba Jovita anashika kipaza sauti. Anafungua mdomo. Inatoka sauti yangu.

"Itifaki imezingatiwa," inasema sauti yangu. "Nani kaacha taa ya bafuni inawaka?"

Josho zima linapiga makofi. Yeye anashtuka, anajikohoza, anajaribu tena.

"Shati hilo badilisha," inasema sauti yangu.

Makofi yanazidi. Anajaribu mara ya tatu, jasho linamtoka, ananitazama mimi, na sauti yangu inasema, "Sawa, kama umeshindwa."

Safari hii hakuna anayepiga makofi. Daktari anaweka chombo chake cha kupimia mapafu kwenye koo la Baba Jovita, anasikiliza muda mrefu, kisha anaandika kwenye kadi.

"Sauti yake ipo," anasema. "Nzima kabisa. Ila kuna mtu kamtangulia kwenye foleni."

Nageuka kuangalia ni nani huyo asiye na adabu. Wote kwenye foleni wananitazama mimi.

"Kutangulia si kufika," ananong'ona ng'ombe mmoja nyuma yangu, ambaye sijui hata alialikwa na nani.

Niliona aibu. Si ile aibu ya ndotoni ya kujikuta sokoni huna nguo, hiyo nimeizoea. Hii ilikuwa aibu ya kweli, na sikuwa na bomba la kufungua.

Ninapoinua macho, josho halipo. Nipo ukumbini kwenye jubilei yetu, saa tisa kamili. Wifi Editruda, dada mkubwa wa Baba Jovita, ndiye mshereheshaji, ingawa kamati ilimkataa kwa kura zote. Anatangaza: "Sasa wifi yetu atacheza rumba na nafsi yake, jambo ambalo amelifanyia mazoezi ya kutosha."

Baba Jovita yupo kule mwisho, meza ya karibu na mlango, mikoba imemzunguka. Nakwenda kumchukua. Mkoba wangu mwenyewe wa kahawia, nilioununua kwa ajili ya kipaimara cha Jovita, unasogea mbele na kuniwekea kizuizi.

"Hatoki," unasema.

"Huyo ni mume wangu."

"Hilo tumelisikia kanisani. Sisi tumekaa naye harusi thelathini na moja. Unajua anafanya nini wewe ukiwa kule mbele unacheza?"

"Analinda mikoba."

"Anapiga miguu chini ya meza," unasema mkoba. "Miaka yote. Muziki ukianza anatulia kwanza, halafu anapiga. Tulikuwa tunajiuliza anasubiri nini. Juzi uliporudi na daftari la Daktari ndani yangu, nikalisoma. Anaanza kwenye mbili."

Nikamtazama mume wangu katikati ya mikoba, na moyo ukaniuma kama siku alipolazwa hospitali. Mtu alikuwa na rumba nzima chini ya meza, na mimi kila niliporudi nilimwuliza tu kama kuna aliyegusa mkoba wangu.

"Masharti ni mawili," unasema mkoba. "Umwombe. Na usimjibie."

Namgeukia. "Baba Jovita, naomba tucheze."

Anafungua mdomo. Mimi tayari ninayo majibu yake kumi na moja, yote mazuri, mengine bora kuliko atakalosema. Nauma meno. Kamati inakula, inamaliza, inakusanya sahani. Kwaya inaimba beti zote za wimbo wa matoleo, hata zile zinazorukwaga. Wifi Editruda anafunga kitenge upya mara mbili. Nasubiri.

Hapo mlango unafunguliwa. Anaingia mzee mfupi anasukuma baiskeli, suruali ameibana kwa klipu ya nguo, anahema.

"Samahanini sana," anasema. "Mimi ni Moja. Miaka ishirini na mitano nakuja. Kila nikifika mlangoni namkuta mama huyu ameshaanza, basi narudi zangu nyumbani."

Anavutiwa kiti. Anakaa. Hafanyi chochote, na lazima nikiri kwamba anajua kazi yake.

Ndipo Baba Jovita anasema, kwa sauti yake mwenyewe, yenye mikwaruzo kama bawaba ya dirisha lisilofunguliwa: "Nataka kucheza, Mama Jovita. Nilitaka siku zote. Ila kwenda mbele mbele za watu, hapana, sitaweza. Niache mimi nirudi nyuma. Wewe uje, lakini uje ukiniangalia."

Daktari Mhina anaanza kusema kwamba kanuni hairuhusu. Mbili, Tatu na Nne wanafanya kikao cha dharura wakiwa wamesimama. Mkurugenzi anasubiriwa. Kikao kinaridhia.

Muziki unaanza. Moja inapita, hakuna anayekanyaga. Kwenye mbili mume wangu anarudi nyuma, naye anarudi bila kugeuza shingo, mkono wake mgongoni kwangu, kama mtu anayerudi kufunga mlango wa nyumba yake. Kumbe anajua! Kiuno kinajua, miguu inajua, hereni ya njano inameremeta. Mimi namtazamia njia nyuma yake, na kila hatua namngoja kidogo, na kila ninapomngoja nakuta ameshanifungulia njia. Tunapita meza kuu. Tunapita keki. Tunaikaribia meza ya ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimama kwa miguu yake minne na majani ya kotimiri mdomoni, tayari kwa kukatwa.

"Angalieni hapo kwenye kona," anasema ndafu, kotimiri ikiwa bado mdomoni.

Mbuzi wa kubanikwa akikusemesha utageuka, hata uwe nani. Nikageuka. Kisigino changu cha kushoto kikashuka na uzito wangu wote juu ya kidole cha Baba Jovita. Akapiga ukelele, nikaamka.

Kumekucha. Jua limeingia mpaka kwenye shuka. Upande wake wa kitanda uko wazi. Yeye amekaa pembeni, amenipa mgongo, ameukunja mguu wa kulia juu ya goti anausugua. Nikasogea nione. Kidole cha mwisho kimevimba, ukucha umevilia damu, mbichi kabisa.

"Umejigonga wapi?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa na mwizi wake.

"Si wewe umenikanyaga?"

"Mimi? Nimelala hapa tangu saa nne!"

"Pale kwenye ndafu," akasema. "Tulipokuwa tunageuka."

Nilikuwa sijamsimulia mtu neno hata moja. Nikafungua mdomo nimwambie akachovye kidole kwenye maji ya chumvi, avae vile viatu vipana vyeusi, na kama hawezi basi aseme mapema nimpigie Daktari. Nikaufunga. Nikakaa kitako kitandani, mikono mapajani, nikasubiri. Aliushusha mguu sakafuni. Akaukanyagia kidogo, akaupima, akaukanyagia tena. Jirani alimwaga maji uani, akafagia, akamaliza.

"Leo," akasema Baba Jovita, "tupite mbali na ndafu."