Kila Mtu Aje na Kosa Lake

Kiwandani walimwita Mama Vifungu, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwanasheria wa kiwanda cha magodoro, tena mwanasheria pekee, na hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kusomwa hadi kifungu cha mwisho. Wakata sponji walitaniana kwamba ukimpelekea kadi ya harusi ataisoma yote, kisha aulize nani atawajibika mvua ikinyesha.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba juu ya ghala. Kilikuwa na dirisha moja, kabati moja la chuma, na harufu ya gundi iliyomfuata hadi nyumbani kwenye nywele. Migogoro ya wafanyakazi aliijua kama kiganja cha mkono wake, na kwa kuwa ndiyo iliyomletea kazi kila wiki, alidhani anajua vya kutosha.

Jumanne moja asubuhi akaingia mkaguzi wa serikali, binti mwembamba aliyekumbatia faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ukae."

"Asante. Pale getini nimeona wafanyakazi wanaweka vidole kwenye mashine ya mahudhurio. Nilitaka kuona usajili wenu, kwa ile sheria mpya ya taarifa binafsi. Bila shaka unaifahamu."

Mama Vifungu aliisikia mara moja tu, redioni, akikaanga vitunguu.

"Naifahamu vizuri," akasema. "Ila karatasi ziko kwa afisa utumishi, na leo hayupo."

Hakumaliza vizuri, ukapasuka mcheko wa afisa utumishi chumba cha pili, akipiga soga kwenye simu. Mkaguzi akautazama ukuta. Aliandika mistari miwili, akampa nakala, akasema atarudi baada ya siku sitini.

Mchana huo Mama Vifungu aliitafuta sheria yenyewe. Ilikuwa na umri wa miaka miwili. Aliisoma mara mbili, na kila neno alilielewa, lakini aanzie wapi, kwa fomu ipi, kwa ofisi ipi, hapo aliona giza. Uso ulimwaka. Kutojua kulimuuma, lakini uongo ulimuuma zaidi, maana ulimtoka kirahisi kama salamu.

Alipotoka kazini akapitia kwa dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, akamkuta anapiga pasi sare.

"Kesho narudi darasani," dada yake akasema. "Kila mwaka wanaturudisha. Mwaka huu tunafundishwa upya kuosha mikono, na mimi nina miaka thelathini wodini! Wewe mara ya mwisho umesoma lini?"

"Dada, mimi nasoma kila siku."

"Unasoma mikataba ya magodoro. Nakuuliza umekaa lini mbele ya mtu anayejua usichokijua?"

Kila mwaka Mama Vifungu alikuwa akikusanya saa za mafunzo ambazo chama cha mawakili kilizidai ili kimpe leseni upya, lakini alizikusanya kwa mihadhara ya kwenye kompyuta. Aliiacha iongee peke yake huku yeye akijibu barua. Ndipo akamweleza dada yake habari ya mkaguzi, na uongo wake.

"Mdogo wangu," dada yake akasema, akiisimamisha pasi, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Katafute walio na ugonjwa kama wako."

Kesho yake akaenda kwa mkurugenzi, mtoto wa mzee aliyeanzisha kiwanda, kuomba siku mbili za semina ya wanasheria wa makampuni.

"Kwani wewe hukumaliza shule?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi nilimaliza, bosi. Sheria ndiyo haijamaliza."

"Huko mnakwenda kunywa chai na kugawana kadi. Hapa kuna kazi. Hapana."

Hakubishana naye. Alijaza fomu ya likizo yake mwenyewe, siku mbili, akaichomeka katikati ya karatasi za asubuhi. Mkurugenzi akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake.

Ukumbi wa semina ulikuwa na zulia nene na baridi ya mashine. Wanasheria wa benki na wa makampuni ya simu walisimama kwa vikundi wakicheka, na kila kikundi kilikuwa kimefungana kama ngumi. Mama Vifungu akajaribu kusogelea kimoja. Bwana mmoja akainama akasoma beji yake, akasema, "Ah, magodoro," kisha akampa mgongo taratibu. Akaenda kwenye birika. Hadi saa nne alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya chai asivyovitaka, na kadi zake zote bado zilikuwa mkobani.

Somo la taarifa binafsi lilifundishwa na wakili mashuhuri. Alizungumzia mitambo ya ng'ambo, idara za watu arobaini na mambo makubwa makubwa. Alipouliza kama kuna swali, Mama Vifungu akaona mkono wake umeshanyooka kabla moyo haujakubali.

"Mimi niko peke yangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Sina idara, nina kabati. Tunachukua alama za vidole za watu mia tatu, na sijafanya lolote. Jumatatu asubuhi nianze na nini?"

Vicheko vikapita ukumbini. Yule wakili naye akatabasamu. "Anza kwa kutafuta mshauri, mama," akasema, na vicheko vikazidi.

Hakuketi.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini mshauri naye ataanza na nini? Ndicho nilichokuja kujifunza."

Ukumbi ukatulia. Wakili akakohoa, akataja fomu moja na ofisi moja, akasonga mbele. Mama Vifungu akaziandika.

Wakati wa mapumziko akafuatwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa mama mnene wa makamo, mwanasheria wa kiwanda cha maziwa.

"Dada, umeniulizia swali langu la mwaka jana," akasema. "Mimi nilikaa kimya, tukapigwa faini. Fomu zote sasa ninazo. Nitakufutia majina nikupe uzione."

Wa pili alikuwa kijana mrefu, mwanasheria wa kampuni ya mabasi. "Mimi hata sikujua kwamba sijui," akasema. "Madereva wetu wote tunawapima mikojo. Majibu yako kwenye droo ya katibu muhtasi, haina hata ufunguo!"

Walicheka hadi machozi. Alasiri hiyo waliongezeka wawili, wote wanasheria wa peke yao kwenye makampuni yao. Semina ilipokwisha Mama Vifungu alikuwa ameshaamua.

"Tukutane Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi," akawaambia. "Kila mtu afundishe anachokijua. Na kila mtu aje na kosa lake. La kwake mwenyewe, si siri za mwajiri wake."

"Tukutane wapi?" kijana wa mabasi akauliza.

"Kantini ya magodoro. Jumamosi mchana haina mtu."

Jumamosi ilipofika wakaketi watano kwenye meza ndefu ya plastiki, chini ya tangazo la kuwahimiza watu warudishe vijiko. Mama wa maziwa alifundisha saa nzima, ukurasa kwa ukurasa, fomu mkononi. Kisha ikafika zamu ya makosa, na watu wakaanza kutazama kucha zao. Mama Vifungu akasimama.

"Naanza mimi. Mkaguzi alinijia ofisini akaniuliza sheria. Nikamwambia naijua. Sikuijua. Nikamwambia mtu hayupo, na mtu yupo chumba cha pili. Nilimdanganya mtumishi wa serikali machoni, mimi niliyekula kiapo."

Alipoinua macho, mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona magari ya wageni uani akaja kutazama.

"Njoo nje," akasema.

Walisimama kando ya marundo ya sponji.

"Unatangaza mambo ya kiwanda kwa watu baki?"

"Nimetangaza yangu, bosi. Uongo ni wangu. Na Jumatatu nakwenda kumwambia mkaguzi mwenyewe."

"Unataka kutufungisha kiwanda?"

"Nikikaa kimya ndipo atatufungia. Nikienda na fomu mkononi na ukweli mdomoni, tutasikilizwa. Ukitaka twende pamoja. Usipotaka, nitakwenda peke yangu. Ila nitakwenda."

Mkurugenzi alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Akaenda kwenye gari lake. Mama Vifungu akarudi ndani, akamkuta kijana wa mabasi amesimama anakiri habari ya droo ya katibu muhtasi.

Jumatatu akaenda peke yake. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, mama," akasema. "Ukuta wenu ni mwembamba. Nilijiuliza tu kama utarudi."

"Nisamehe, binti yangu."

"Yameisha. Tuone umeleta nini."

Alikuwa ameleta karatasi nyingi, na mbili hazikuwa sawa. Moja waliisahihisha pale pale. Ya pili ilikuwa karatasi ya wafanyakazi kukubali kuchukuliwa alama za vidole. Iliandikwa kwa lugha ya mahakamani, na mkaguzi alisema hakuna mkata sponji atakayeielewa. Mama Vifungu akarudi akaiandika upya, nusu ukurasa, maneno ya nyumbani. Wiki nzima, kila zamu ilipoingia, alisimama getini akaieleza kwa mdomo. Mzee mmoja wa kitengo cha kushona alikataa kabisa kuweka kidole, na wakamfungulia daftari la kutia sahihi, maana alikuwa na haki hiyo. Siku ya hamsini na tatu cheti cha usajili kikafika.

Mkurugenzi alikisoma cheti chote, hata maandishi madogo ya chini.

"Wale watu wako wa kantini," akasema, "wanajua habari ya bima ya ghala? Wenye bima wanatuzungusha."

"Kijana wa mabasi anaijua bima kuliko wenye bima wenyewe. Nitamuuliza namna sheria inavyosema. Mkataba wetu nitausoma mimi."

"Haya. Na mwakani ukitaka semina uje uniambie, usinichomekee makaratasi." Alikuwa amekwisha ambiwa na afisa utumishi.

"Sitaki kuomba kila mwaka, bosi. Nataka iandikwe kwenye mkataba wangu. Siku nane kwa mwaka, za mafunzo, si za likizo."

"Nane! Tatu."

"Sita."

"Tano, na hapo tumemaliza."

Tano ndizo alizotaka tangu mwanzo. Akapanda ngazi hadi ofisini, akakiandika kile kifungu kwa mkono, akakisoma mara tatu, akaondoa neno moja lililoacha mwanya, akampelekea mkurugenzi atie sahihi kabla hajatoka kwenda kula.