Kiredio cha Wifi Amne

Wifi yangu Amne aliporudi Umra alitangaza mambo mawili, tena aliyatangaza barazani mbele za watu. La kwanza, kuwa hataki tena kuitwa Amne mtupu, aitwe Bi Amne. La pili, kuwa taarabu kaiacha. La kwanza tulimpa, mtu mzima yule. La pili mimi niliguna tu, maana huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, nnakaa naye nyumba moja, na harusini mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta mkono turudi nyumbani huku yeye anang'ang'ania kiti.

Ndipo kikaja kiredio. Alikileta mwanawe, Nadra, anayefanya kazi Maskati. Kitu chenyewe kidogo, ukikifumbata hakionekani. Nyuma kina kibanio cha kukibana kwenye nguo, na kina nyuzi mbili za kutia masikioni.

"Mama, hii si redio, haina stesheni," Nadra akamwambia. "Nimekutilia Kurani na kasida."

"Haya mwanangu, ahsante," Amne akajibu. "Redio nzuri hii."

Nadra naye mjanja, anamjua mamake. Chini ya kasida alimtilia na taarabu, chungu nzima. Hilo mimi sikuambiwa.

Basi Amne akawa na raha yake. Kiredio anakibana kifuani ndani ya kanga, nyuzi anazipitisha chini ya mtandio, ukimwona hujui kitu. Kakaa dirishani, kofia ya viua mkononi, sindano inakwenda, uso umetulia. Utasema bibi wa watu anavuta uradi.

Alikuwa na sababu mbili za kukificha. Ya kwanza mnaijua, keshatangaza barazani. Ya pili ni Bi Mwanakheir.

Bi Mwanakheir ni shoga yake tangu utotoni, chuo cha Kurani, walipokuwa wakipigwa bakora pamoja. Anakaa nyumba ya mbele yetu, na kichochoro chetu cha Mji Mkongwe chembamba hata vespa ikija lazima uingie mlangoni mwa mtu. Madirisha yao yanatazamana. Huyu akinyoosha mkono huku na yule akinyoosha kule, sahani ya mandazi inavuka. Mwanamke mwema, hana neno na mtu, ila ana ugonjwa mmoja: kuazima. Chekecheke, pasi, kinu, mwavuli. Mbuzi ya nazi ya Amne iko kwake tangu sijui mwaka gani. Amne akitaka kukuna nazi huenda akabisha hodi, akaiazima mbuzi yake mwenyewe, na akimaliza huirudisha! Nilipomuuliza ana akili gani, akaniambia, "Wifi, mwache, kashaizoea." Lakini kiredio alisema hamwonyeshi, maana angekiona tu angekiazima.

Mimi nikaenda Mkokotoni kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu, nikakaa huko mpaka wakanichoka. Narudi, nakuta nyumba imepoa. Amne kalala kitandani mchana kweupe, jicho jekundu.

"Una nini?"

"Mwanakheir kanifungia dirisha."

"Kukufungia vipi?"

"Kalifunga, Mwatum! Mimi nimekaa hapa nashona kofia yangu, yeye kasimama pale, kanitazama, kalipiga paa! Nikapeleka sahani ya vipopoo, kairudisha kama ilivyo. Na Alhamisi anahama."

Kuhama tulikuwa tunakujua. Nyumba yake imeingia nyufa, mwanawe Jecha akaamua kumchukua kwake Mtoni. Mtoni si mbali, lakini kwa watu wenye magoti kama yao ni mbali. Amne alikuwa kajitayarisha kuagana vizuri, kalia kidogo kidogo kabla ya siku yenyewe ili yasimzidi. Sasa shoga anaondoka kanuna, na yeye hajui kosa lake.

"Akienda hivi, wifi, harudi tena hapa," akaniambia. "Na mimi kwa mtu aliyenifungia dirisha siwezi kwenda. Basi tena, tumekwisha."

Nikasikia uchungu, kisha nikasikia hasira. Mimi mambo ya kununiana siyawezi. Mtu ana neno, aliseme. Nikavaa buibui langu, nikavuka.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba." Kavu, haina hata tone la maji. Alikuwa anafunga vyombo kwenye makanda. Nikaiona na mbuzi yetu imeshafungwa, mdomo umechungulia.

"Wifi yangu kakukosea nini?"

Akakaa juu ya kanda. "Kamuulize yeye. Mtu karudi Umra, kaacha taarabu, tukamwambia mashaallah. Kumbe kaacha za wenzake, sasa anatunga zake! Anakaa dirishani pale, ananikazia macho, ananiimba. Mimi, Mwatum! Ananiimba ana kwa ana!"

"Anakuimba nini?"

Bi Mwanakheir akakohoa, akashika kiuno, akaniimbia:

*"Nipe mbuzi yangu, mama, nami nataka kukuna,*
*Jirani wa kuazima, cha kwake mwenyewe hana."*

Nikajiuma mdomo nisicheke. Nikamwambia labda ni wimbo tu, wa redioni.

"Redio iko wapi? Mimi nna masikio. Ingelia redio ningesema ni redio. Hakuna udi, hakuna fidla, hakuna ngoma, ni yeye mtupu na sauti yake ile ya kuitia watoto wale! Wimbo una muziki, Mwatum. Maneno bila muziki ni maneno. Na hiyo mbuzi nilikuwa namrudishia, lakini sasa, wallahi, naondoka nayo."

Basi mnaona mambo hayo? Kwetu sisi mtu akitaka kukutupia dongo hasemi, anaimba. Na ukishaimbwa, ama ujibu ama ufunge dirisha. Bi Mwanakheir hakuwa na wimbo wa kujibu, kwa hiyo akafunga.

Nikarudi nimevimba. "Amne! Kwa nini unamwimba mwenzio?"

"Mimi?" Akaruka kitandani. "Mimi naimba? Mwatum, wallahi wabillahi watallahi, mdomo wangu sijaufungua! Mimi taarabu nimeacha."

Na ukimtazama hasemi uwongo. Mtu anayesema uwongo namjua, hasa huyu. Sasa nimwamini nani? Mmoja anaapa, mwingine kanisomea wimbo mzima na vina vyake. Nikalala na kichwa kinaniuma.

Alhamisi Jecha akaja na kigari, akakiacha mwisho wa kichochoro, akaanza kupakia. Mimi nikavuka kumsaidia Bi Mwanakheir kufunga mabaki, maana jirani ni jirani hata akinuna. Chumba kimebaki kitupu, joto, nikaenda kufungua dirisha.

"Usifungue," akasema.

"Nnakufa kwa joto, Bi Mwanakheir." Nikafungua.

Amne huyo, dirishani kwake. Kofia kailaza mapajani, hashoni. Mtandio kauvuta mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kayaelekeza huku huku kwetu. Miwani hana, na bila miwani Amne hamjui paka na mtu, lakini hilo sikulikumbuka saa ile. Akavuta pumzi, akaanza:

"Nipe mbuuuzi yangu, mamaaa..."

"Umesikia?" Bi Mwanakheir akanishika mkono. "Umesikia sasa? Mpaka siku ya kuhama!"

Damu ikanipanda. "Wifi!" nikapiga kelele. "Wifi, huna haya?"

Kimya. Yaani si kimya, anaendelea: "Nami nataka kukuuuna..."

"Wewe Amne!"

Hata kope haikucheza. Nikamgeukia Bi Mwanakheir ili nimwombe radhi kwa niaba ya ukoo mzima, nikamwona uso umembadilika. Akanisukuma kando, akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Amne!" akaita.

Sasa niwaambieni jambo moja la Amne. Mamake alimfunza kuitika kwa bakora. Ukimwita, yuko jikoni, yuko usingizini, naam inatoka kabla hujamaliza jina. Kaka yangu alikuwa akimtania, akimwita kwa sauti ya chini usiku ili aisikie naam tu, acheke. Na shoga yake kamwita mara ya kwanza tangu waache kusemezana, kutoka dirisha lile lile, naam haikuja.

"Amne!" Akanigeukia. "Mwatum, hasikii. Amne hasikii! Kawa kiziwi mwenzangu, na mimi nimemnunia!"

Akashuka ngazi na magoti yake yale, sijui vipi, mimi nyuma yake namwambia taratibu, Jecha anauliza kuna nini, hakuna anayemjibu. Tukavuka, tukapanda kwetu. Bi Mwanakheir akaenda moja kwa moja mpaka dirishani, akamshika Amne mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza. Mtandio ukateleza. Nyuzi hizo, moja huku na moja huku. Bi Mwanakheir akavuta mmoja, na humo ndani, sauti ndogo ya mbu, fidla zinalia.

"Naam?" akasema Amne.

Mimi nilikaa chini. Nilicheka mpaka nikaomba maji.

"Kumbe naimba?" Amne akauliza, mkono mdomoni. "Mimi nadhani naimba moyoni!"

"Kichochoro kizima kinakusikia moyo wako," nikamwambia. "Na taarabu umeacha, Bi Amne?"

Akaurudisha mtandio kichwani. Alikuwa anamtazama shoga yake. "Ulidhani nakuimba wewe? Kwa sababu ya mbuzi? Mwanakheir, wewe chukua mbuzi, chukua na nazi. Mimi nililokuwa nataka ni ulifungue hilo dirisha."

Bi Mwanakheir alilia, kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wa Amne, kisha akautia ule uzi sikioni mwake. Wakakaa wawili juu ya kirago, kila mmoja na sikio moja, vichwa vimegusana. Na kwa kuwa siri imeshatoka, wakaimba wote wawili, kwa nguvu, kila mtu na njia yake. Chini, mzee Valimohamed, mwenye duka la vitambaa, alitoka nje akatazama juu, akarudi ndani akafunga mlango.

Jecha alipopiga honi mara ya tatu, Bi Mwanakheir akasimama. Akakichomoa kiredio kifuani mwa Amne, akakizungusha na nyuzi zake, akakitia kwenye mkoba wake mbele yetu, bila haya.

"Nakiazima," akasema.

"Mwanakheir!"

"Nakiazima tu. Ukikitaka, kifuate Mtoni."

Basi ndivyo ilivyo mpaka sasa. Kila Alhamisi wifi yangu huvaa buibui, akalalamika magoti, akaniambia leo lazima akirudishe kiredio chake, huyo mwanamke kazidi. Huenda asubuhi, hurudi magharibi, na kiredio harudi nacho.

Juzi nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amekasirika hasa, anasema leo hakubali, leo ama kiredio ama wavunje ushoga. Mkoba wake ulikuwa wazi, nikachungulia. Ndani mlikuwa na mandazi, na chaja ya kiredio.